Toni Katika Kikhmu

SWALI: Nimesoma kwamba Kikhmu, lugha ya Laos, kina toni (kimo cha sauti, cha juu au cha chini, kinachobadili maana ya neno) katika baadhi ya lahaja na hakina katika nyingine. Yawezekanaje?
Msomaji, Kasarani, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, weka kidole kooni utamke "pata", kisha "bata", mtetemo unaouhisi kwenye b ndio mghuno. Kikhmu cha mashariki kimeuhifadhi, hivyo *klaang* ni tai na *glaang* ni jiwe, ilhali katika baadhi ya lahaja za magharibi maneno yote mawili huanza kwa k, la tai likitamkwa kwa toni ya juu na la jiwe kwa toni ya chini. Konsonanti ghuna, yaani yenye mghuno kama b au g, hushusha kidogo kimo cha sauti ya irabu inayoifuata, na mghuno ulipopotea, mshuko huo, uliokuwa kivuli tu, ndio uliobaki kutofautisha maana. Ninaustaajabia sana uangalifu huo wa masikio ya wasemaji.