Orijino inakuwaje mia moja?

SWALI: Mambo mhariri! Nimeona picha ya mchoraji Mfaransa Pierre Bonnard ya 1896, kabinti ka dobi kamebeba kikapu cha nguo mtaani Paris, wanasema ni litografia ila orijino zake zipo kibao. Si fotokopi tu hiyo jamani?

JIBU: Hapana bwana. Litografia ni hivi: msanii anachora kwenye jiwe la chokaa kwa kalamu ya mafuta, jiwe linatiwa dawa halafu linaloweshwa maji, wino unashika penye mafuta tu, palipolowa unakataa, karatasi inagandamizwa juu, na ukitaka rangi nyingine unaandaa jiwe lingine. Kwa hiyo kila karatasi ni orijino, maana imetoka moja kwa moja kwenye jiwe alilochora msanii. Hiyo yako ilitolewa na muuza sanaa Ambroise Vollard, karatasi 100.

Ila we achana na hesabu, mwangalie huyo mtoto! Kakupa mgongo, kavaa nyeusi, kikapu kimemvuta upande mmoja mpaka anajikongoja na mwavuli kama bibi kizee, na hapo pembeni kuna kijibwa kinajipitia zake wala hakina habari naye. Mi napenda Bonnard hajamlilia, kamchora akiwa kazini basi.