Kocha, usimsimamishe kipa wako katikati ya duara

Kocha wa Jinja, hapana. Jumamosi usifanye hivyo. Umeandika kwamba vijana wako wanamwita kipa "shoga" kila anapofungwa, kwamba siku hizi kijana amekuwa mkimya, na kwamba unataka kumweka katikati baada ya mazoezi aseme ukweli wake, wenzake wamwombe radhi, yaishe. Hayataisha. Hapo ndipo yatakapoanza. Kosa hilo nalijua kwa sababu nililifanya, na radhi zote zilizofuata hazikurudisha kitu.

Ukimwuliza mbele ya watu, hana jibu la kumwokoa. Akikana, watauliza anakana nini kama hakuna kitu. Akinyamaza, amekiri. Akilia, ndiyo kabisa. Hata akijibu kama wakili, wewe umeshaligeuza tusi la uwanjani kuwa shauri. Mpaka jana lilikuwa neno la watoto. Leo mtu mzima mwenye filimbi ameona linafaa kuulizwa. Jioni hiyohiyo kila kijana anarudi kwao na sentensi moja: "Kocha amemhoji kipa." Mama mmoja anaipeleka kwenye kikundi cha akiba, kaka wa mwingine anaifikisha stejini kwa wenzake wa boda, na kabla ya Jumatatu iko kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, na kwa mwenye nyumba waliyopanga wazazi wake. Hakuna atakayekumbuka kwamba chanzo ni mpira uliopita katikati ya miguu.

Na hapa ni Uganda. Sheria ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja imeweka kifungo cha maisha kwa tendo lenyewe, na kifo kwa yale iliyoyaita makosa mazito. Neno likishambandika mtu, jirani mwenye kinyongo analo la kupeleka polisi, mjanja mwenye skrinshoti anaweza kumdai pesa kwa simu kila mwisho wa wiki, na mwenye nyumba amepata sababu ya kumtoa. Hakuna anayengoja ushahidi. Inatosha tetesi iliyopitia kinywani mwa mtu anayeheshimika, na kwenye uwanja wako mtu huyo ni wewe.

Wanaonikasirisha ni wale wa semina wanaozunguka wakiwafundisha makocha "kumsafisha kijana mbele ya wenzake", halafu wanaongeza kwamba usiporipoti utafungwa wewe. Kifungu cha 14 cha sheria hiyo, kilicholazimisha watu kuripoti, kilifutwa na Mahakama ya Katiba tarehe 3 Aprili 2024. Sehemu kubwa ya sheria ilibaki, lakini hicho kiliondoka. Anayeendelea kuwatisha walimu na makocha kwa kifungu kilichokufa anawasukuma kuwapeleleza watoto wa watu, na bili hailipi yeye.

Shughulika na aliyesema. Aliyesemwa usimguse. Neno likitoka, piga filimbi palepale, mtazame aliyelitamka, umwambie: "Hilo neno halitumiki kwenye timu hii. Kipa alichelewa kutoka. Sema alichelewa kutoka." Sekunde kumi, mpira uendelee. Usihutubie, maana hotuba inawapa muda wa kugeuka na kumwangalia mwenzao. Baada ya mazoezi mshike yule anayeongoza kelele, peke yake, umwambie akirudia atakaa benchi mechi inayofuata, na akirudia kweli umkalishe hata kama ndiye mfungaji wako.

Na usimtetee kipa kwa kusema "huyu siye, ana msichana wake." Najua inatoka kwa moyo mzuri. Lakini umekubali kwamba angekuwa ndiye, mangumi yangekuwa halali. Wanaosikia ni timu nzima, na huenda miongoni mwao yupo anayevutiwa na wavulana wenzake na hajamwambia mtu yeyote duniani. Huyo umemfundisha kwamba kwako ulinzi una masharti. Hatakuja kwako akipigwa, hatakuja akitishiwa.

Watakwambia ni utani. Utani una watani wawili, leo unanirushia mimi, kesho nakurushia wewe, hata msibani. Hapa mmoja anarushiwa kila siku na hana la kurudisha. Neno lenyewe wameligeuza: kule pwani mwanamke humwita rafiki yake "shoga yangu" kwa mapenzi. Huku kwetu limefika likiwa jiwe, sawa na "omusiyazi" ya Kiganda.

Neno hilo likiandikwa kwenye grupu la WhatsApp la timu, ukiwa msimamizi, ufute ujumbe huo kwa wote. Usiujibu kwa kuunukuu, kwa sababu ukiujibu hivyo maneno yale yanabaki ndani ya jibu lako hata baada ya ujumbe wenyewe kufutwa, na sasa yamekaa chini ya jina la kocha. Funga grupu usiku huo, waandike wasimamizi tu. Wala usiandike popote jina la kijana karibu na neno lile, hata kwa kumtetea, hata kwenye daftari la nidhamu. Oktoba 2010 gazeti moja dogo la Kampala lilichapisha majina na picha za watu waliodaiwa kuwa wapenzi wa jinsia moja, likitaka wanyongwe. David Kato, mwanaharakati wa haki za watu hao, na wenzake wawili walilishtaki wakashinda. Tarehe 26 Januari 2011 Kato aliuawa nyumbani kwake Mukono. Mtu mmoja alifungwa, na sababu ya mauaji inabishaniwa mpaka leo, kwa hiyo sisemi gazeti ndilo lililomuua. Ninachojua ni kwamba hukumu haikuyarudisha majina yale yalikotoka.

Kipa mwenyewe, tembea naye kando ya uwanja mahali ambapo wengine wanawaona ila hawawasikii, si ofisini mlango umefungwa. Mwambie: "Nimesikia wanavyokuita. Si kosa lako, na nimelikomesha." Basi. Usiulize swali lolote. Akitaka kusema, atasema; asipotaka, mrudishe golini na umpigie mipira ya juu kumi, maana umesema hapo ndipo anapofungwa.

Kwa wazazi usiende kabla hujaniandikia.