Je, dola inaweza kutulindia imani?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Katika jumuiya yetu hapa Bagamoyo kijana mmoja anadai kuwa tusingemezwa na malimwengu kama tungetawaliwa na Mkatoliki mkali, mfano wa Jenerali Franco, aliyetawala Hispania hadi 1975. Wazee kadhaa wamemuunga mkono. Kanisa linasemaje?

JIBU: Milele na milele, amina. Kijana wenu ameishia katikati ya hadithi. Ni kweli, mkataba wa 1953 na Kiti Kitakatifu (Vatikano) uliuthibitisha Ukatoliki kuwa dini ya taifa la Hispania, na Franco alikuwa na sauti katika uteuzi wa maaskofu. Msomi mmoja wa Opus Dei, taasisi ya Kikatoliki, Rafael Calvo Serer, alishaandika mwaka 1949 kwamba nchi yake haina tena swali la kujiuliza: jibu ni imani ya mababu.

Miaka ya 1960 vikaja viwanda na watalii, na vibarua wakaenda Ufaransa na Ujerumani. Watu wakaanza kulipa Kanisa kisogo, na sheria zote zipo palepale! Wasomi wahafidhina wakagawanyika. Wapo waliolaumu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, uliotamka tarehe 7 Desemba 1965 kwamba mtu asilazimishwe katika mambo ya dini. Wakataka dola ikaze kamba. Calvo Serer alishika njia nyingine. Gazeti lake, Madrid, likadai uhuru, na serikali ile ile ya "Kikatoliki" ikalifunga mwaka 1971. Mwaka 1974, akiwa Paris, akaungana na Santiago Carrillo, kiongozi wa wakomunisti, kuupinga utawala huo. (Hapo hata mimi hukuna kichwa.) Tena huko Zamora, mji wa Hispania, serikali hiyo ilikuwa na gereza la mapadre waliosema isiyoyapenda.

Kuogopa malimwengu si dhambi, na wale wahafidhina hawakuota hatari. Ila polisi anaweza kuujaza uwanja wa kanisa, hawezi kumfanya mtu asali. Nanyi mnaishi Bagamoyo! Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni hapo 1868, chini ya Sultani wa Zanzibar, Mwislamu, bila sheria yoyote ya kumpeleka mtu Misa.

Kabla hamjakutana tena, someni namba 2 na 10 za Tamko la Mtaguso juu ya Uhuru wa Dini. Huyo kijana ndiye asome kwa sauti, wazee wamsikilize.