Nywele kwa kipanya: anza na bonge, vinywele vya malaika mwishoni

SWALI: Mwangaluka kaka. Nipo Igoma, Mwanza, nachora picha za watu kwa oda, natumia laptopu yenye RAM ya GB 4. Tableti ya kuchorea sina, nachora kwa kipanya. Uso naupatia na watu wananisifu, ila nikifika kwenye nywele kila kitu kinaharibika: mara zinaonekana kama waya, mara kama kofia. Sasa nina oda mbili, ya mama aliyesuka twende kilioni, ile mistari inayolala kichwani, na ya binti yake mwenye afro. Video zote ninazopata zinafundisha nywele za singa. Nijichange ninunue tableti kwanza, au kuna namna?

JIBU: Mwangaluka mdogo wangu. Hela ya tableti iache ikae kwanza. Mimi ninayo na inanirahisishia kazi sana, lakini kwa tatizo ulilolieleza, ukiinunua leo utachora waya zilezile, tofauti ni kwamba utazichora haraka.

Nakwambia hivi kwa sababu yalinikuta. Nilipoanza nilichora bibi harusi kwa kipanya usiku kucha, unywele mmoja mmoja, mstari wa pikseli moja. Asubuhi nikaipeleka kuchapisha maeneo ya Makoroboi. Fundi wa mashine akaitazama, akaniuliza taratibu kama huyu bibi harusi amejifunga stilwaya ya kusugulia sufuria. Nililipa nikaondoka. Alikuwa amesema kweli.

Hesabu yenyewe ndiyo ilinifungua macho. Turubai la A4 la kuchapisha, nukta 300 kwa inchi, lina pikseli 2480 kwa 3508. Pikseli moja hapo ina upana wa kama milimita 0.085. Unywele wa mtu una unene wa milimita 0.05 hadi 0.1 hivi. Kwa hiyo hata kama uso kwenye picha ungekuwa na ukubwa wake wa kweli, unywele mmoja ungekula pikseli moja, na picha zetu za oda karibu zote uso ni mdogo kuliko huo. Unywele mmoja hauna pa kukaa. Ukiulazimisha, unaunenepesha mara mbili au tatu, na hapo ndipo waya zinapozaliwa. Kinachoonekana kwenye picha nzuri ni mafungu ya nywele, na mwanga unavyoyapanda na kuyashuka.

Basi fungua picha ya mteja, ipunguze mpaka iwe ndogo kama kucha ya kidole gumba. Nywele sasa zimebaki bonge lenye sehemu tatu: yenye giza, ya wastani, yenye mwanga. Chora hizo tatu tu, kwa brashi kubwa, kwenye leya (tabaka) yake, bila mstari hata mmoja. Kazi hii haihitaji kalamu ya aina yoyote, kipanya kinaiweza vizuri kabisa. Usihame hapo mpaka bonge lionekane ni nywele ukilitazama kwa mbali. Mimi nusu ya muda wa nywele naumalizia hapa, na vijana wengi wanaoniletea kazi niitazame wameiruka hatua hii.

Kuhusu rangi: nywele nyeusi usizipake nyeusi tupu. Anza na kahawia iliyokolea sana, mfano yenye namba ya rangi #1E1614, ili ubaki na pa kushukia kwenye vivuli. Na mng'aro wake usiwe mweupe. Picha ikipigwa nje, mng'aro unaazima rangi ya anga, unakuwa kijivu chenye ubuluu. Ikipigwa ndani kwenye taa ya njano, unaelekea kwenye udhurungi.

Sasa kipanya chenyewe. Upungufu wake mkubwa ni kwamba hakijui umekaza mkono kiasi gani, kwa hiyo mstari unatoka na unene uleule mwanzo hadi mwisho, wakati fungu la nywele lina ncha. Ncha hiyo inatengenezeka. Ukiwa kwenye programu ya kuchorea ya GIMP, chagua brashi, na kwenye Dynamics uiweke Pressure Size. Halafu bonyeza B upate zana ya njia: bofya fungu linapoanzia, bofya linapoishia, vuta katikati mpaka ipinde unavyotaka. Nenda menyu ya Edit, Stroke Path, chagua ipakwe kwa brashi, weka tiki kwenye Emulate brush dynamics. Programu itajifanya mkono wako umeanza mwepesi, umekaza, umelegeza. Ukisahau ile Pressure Size, tiki haitakusaidia kitu. Kwenye Krita, programu nyingine ya kuchorea, ni rahisi zaidi: kwenye mipangilio ya ukubwa wa brashi ondoa Pressure, weka Fade, mstari utakuwa unakonda wenyewe kadiri unavyouvuta. Washa na Stabilizer ili mtetemo wa mkono usionekane. Turubai lizungushe kwa namba 4 na 6 ili kila mara uvute kuelekea upande ambao kiwiko chako kinapenda. Namba 5 inalirudisha sawa. Programu zote mbili ni za bure.

Kama unatumia Windows, nenda kwenye mipangilio ya kipanya uzime Enhance pointer precision. Ikiwa imewashwa, ukivuta haraka kishale kinakimbia mbali kuliko mkono ulivyokwenda, na mkono haujifunzi kamwe.

Laptopu yako itatosha. Leya moja ya A4 iliyojaa rangi inakula kama MB 35, kwa hiyo nywele zipe leya tatu au nne, na uunganishe kila unaporidhika.

Tuje kwa binti, maana afro ndiyo nywele ambayo kipanya kinaipenda. Zile video za singa zitakupoteza kwa jambo moja: nywele za singa zimelala sambamba, hivyo mwanga unadunda kwa pamoja na kutengeneza utepe unaong'aa kuzunguka kichwa. Nywele za kipilipili zimejikunja kila moja kivyake, mwanga unatawanyika. Ukiweka ule utepe kwenye afro, umemvalisha helmeti ya bodaboda. Ichukulie kama tufe la sufi: upande wa mwanga umepauka kidogo, katikati wastani, na giza linajikusanya nyuma ya masikio na shingoni. Baada ya hapo chukua brashi ndogo yenye kingo chakavu, kwenye GIMP washa Jitter, kwenye Krita washa Scatter, ili alama zitawanyike, udonoe. Donoa, usivute. Rangi mbili tu, moja iliyokoza kidogo kuliko bonge na moja iliyopauka kidogo, tena kwenye mpaka wa mwanga na kivuli peke yake. Katikati ya giza paache patulie. Jicho la mtazamaji litapajaza lenyewe.

Ukingo ndio unaosema kama ni afro au ni kofia. Usiufanye duara safi. Chora vijikunjo vidogo kama herufi c na tarakimu 6, vikubwa na vidogo, viwili hapa, hapo hakuna, pale vitano vimesongamana. Mwendo huo mfupi wa kifundo cha mkono kipanya kinaumudu vizuri mno. Kisha fanya kitu ambacho wengi hawakifanyi: chukua rangi ya mandhari ya nyuma uichokonoe ndani ya ukingo, ili anga lionekane likipenya kwenye nywele. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, nenda jioni pale ziwani kwenye Jiwe la Bismarck, tazama watu wanaopigwa picha jua likiwa nyuma yao. Sentimita moja au mbili za nje za afro zinawaka rangi ya shaba, ndani pote ni giza. Mimi nilienda siku tatu mfululizo, nikanunua na mahindi ya kuchoma ili nisionekane mshamba anayekodolea vichwa vya watu.

Mama wa twende kilioni anataka subira tu. Kila mstari wa msuko ni kama ukili wa mkeka: pingili inalala juu ya mwenzake kwa mshazari. Chora pingili moja vizuri, yenye mgongo uliopauka na bonde jeusi pembeni, ujue imejengwaje, halafu chora zinazofuata. Usinakili na kubandika ile moja mara mia, maana kwenye paji la uso pingili ni nyembamba, utosini zinanenepa, na mistari yote inafuata mviringo wa fuvu. Njia za ngozi kati ya misuko usizipake nyeupe wala kahawia moja. Ni ngozi, mara nyingi imepauka kuliko uso kwa kuwa haipigwi jua, na kila msuko unaitupia kivuli upande mmoja. Kivuli hicho chembamba ndicho kinachoinua msuko kutoka kichwani. Mafuta unayaonyesha kwa nukta chache kwenye migongo ya pingili, basi.

Pale nywele zinapoanzia juu ya paji la uso, paka kwanza rangi laini iliyo katikati ya ngozi na nywele. Malaika, vile vinywele laini vya ukingoni, wanakuja mwisho kabisa, kwa ile brashi ya Fade, kumi au kumi na tano, wakielekea pande tofauti kidogo. Kwa kichwa kizima mistari myembamba ya aina hiyo mimi sizidishi 60.

Na kama picha aliyokutumia mama imepigwa ndani kwa fleshi ya simu, mwombe nyingine. Fleshi inafuta vivuli vyote kati ya misuko na utabaki unabuni. Akae barazani saa kumi jioni, mwanga umpige kwa ubavu, apigwe akiwa ameinamisha kichwa kidogo. Huku ukiisubiri, anza na binti, na kabla hujamkabidhi chapisha kipande cha nywele peke yake kwenye karatasi ndogo. Kioo cha laptopu kinang'arisha giza kuliko wino. Ukiona vivuli vimezama, pandisha kahawia kidogo ndiyo uchapishe kubwa.