Rezidenti akifika zahanati, mkabidhini kwa mkunga

Wenzangu mnaosimamia marezidenti, yaani madaktari wanaosomea ubingwa, wa uzazi na magonjwa ya wanawake, mkiwapeleka vijijini msianze kuwapangia wagonjwa. Wapangieni mkunga, wamfuate zamu nzima, mchana na usiku.

Kazi ya kwanza ninayowapa ni kuchukua fomu ya rufaa ya mama aliyeletwa kwetu akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na kuifuatilia hadi zahanati alikotoka. Nani aliiona damu? Aliikadiria kwa macho au aliipima? Gari liliitwa saa ngapi, na ruhusa ya kuondoka ilisubiriwa kwa nani? Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa 2023, ulionyesha kwamba kupima damu kwa mfuko maalumu na kuanza matibabu yote kwa mpigo kulipunguza matatizo makubwa ya kutokwa damu kwa asilimia 60. Hakuna upasuaji hapo. Ni mkunga na mfuko wa plastiki.

Kisha kuna friji. Oksitosini, sindano ya kuzuia damu baada ya kujifungua, inataka nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika mara kwa mara, sura ya dawa haibadiliki ila nguvu inapungua. Rezidenti mmoja alisoma kipimajoto cha friji, akakuta 17, akamuuliza sista wa zamu, "Huwa mnafanyaje?" Sista akafungua kabati, akamwonyesha misoprosto za akiba, vidonge vya kuzuia damu visivyohitaji friji, halafu kibaridi cha chanjo anachoazima umeme ukizimika. Mhadhara wangu wa mada hiyo nimeufupisha tangu hapo.

Marezidenti wageni, wa Marekani au Ulaya, kanuni yao ni hiyo hiyo, ila wakae muda mrefu. Wiki mbili ni utalii. Na mkunga wa zamu asigeuzwe mkalimani wao, ana wazazi wa kuhudumia.

Jambo ambalo wasimamizi wengi hulisahau ni majibu ya rufaa. Mkunga hupakia mama kwenye gari usiku, na mara nyingi hapati habari zake tena. Basi rezidenti aliyempokea mama ndiye ampigie mkunga simu: mama alifika na hali gani, alifanyiwa nini, yeye na mtoto wanaendeleaje. Apige siku hiyo hiyo, kabla sista hajakabidhi zamu, na kama kuna habari mbaya aitoe yeye mwenyewe, asimwachie karani.