Maswali ya Wasomaji: Asili ya Jina Dunstan

SWALI: Mhariri, salamu nyingi. Babu yangu mzaa baba alibatizwa katika kanisa la Mtakatifu Yohana hapa Mbweni na akapewa jina la Dunstan, na mimi mwanangu wa kwanza nimemwita kwa jina hilo hilo la babu. Cheti chake cha kuzaliwa kimetoka kimeandikwa Dustan, bila ya n ya kati. Daftari la ubatizo lina Dunstan. Na wazee mtaani humwita Dastani. Mwalimu wake wa skuli amemwambia kuwa jina hili ni la huko Pakistani kwa sababu linaishia na stan. Tena jamaa yetu anayeishi Uingereza anasema hajapata kukutana na Mwingereza hata mmoja anayeitwa hivyo. Naomba kujua jina hili ni la wapi, lina maana gani, na kwa nini wenyewe wameliacha.
Msomaji, Mbweni, Unguja

JIBU: Mwalimu amekosea, ingawa kosa lake linaeleweka, maana sisi wenyewe tunalo neno bustani, tulilolipata kutoka kwa Waajemi, na kwa Waajemi stan ni mahali: bu ni harufu nzuri, na bustan ni mahali penye harufu nzuri. Hiyo ndiyo stan ya Pakistani na Afghanistani. Stan ya Dunstan haina udugu nayo hata kidogo. Ni neno la Kiingereza cha kale, lugha iliyosemwa Uingereza tangu miaka ya 400 hadi 1100 hivi, na maana yake ni jiwe; ndilo neno ambalo Waingereza wa leo wanalitamka stone. Sehemu ya kwanza, dunn, ni jina la rangi: kahawia iliyochujuka yenye kukaribia kijivu, ambayo mpaka leo hutajwa katika kueleza rangi za farasi. Wapo wanaoisoma sehemu hiyo kuwa ni dun yenye maana ya kilima, na kwa hakika maneno hayo mawili yanakaribiana mno, lakini maelezo yanayopatikana zaidi katika kamusi za majina ni yale ya rangi. Kwa hiyo ukitaka tafsiri, Dunstan ni jiwe la rangi ya kiza.

Hata hivyo, usilitafutie jina hilo fumbo lililo ndani zaidi ya hapo. Sisi tumezoea majina kama Saifuddin na Nuruddin, ambayo maneno yake mawili yamefungwa pamoja yakatoa maana moja iliyo wazi, upanga wa dini na nuru ya dini. Waingereza wa kale nao waliunganisha maneno mawili, lakini mara nyingi hawakujali kama yakikutana yanaleta maana, kwani kazi kubwa ya vipande hivyo ilikuwa ni kuonyesha ukoo. Mfalme Æthelwulf wa Wessex, ufalme wa kusini mwa Uingereza, aliyefariki mwaka 858, aliwaita wanawe Æthelbald, Æthelberht, Æthelred na Alfred. Alfred naye akazaa Edward, na Edward akazaa Athelstan, Edmund na Eadred. Msomaji ataona namna vipande vilivyokuwa vikitolewa kwa baba na kwa babu, vikabadilishwa na kuunganishwa upya, mpaka mtu akisikia jina tu anajua huyu ni wa mlango gani. Athelstan, kwa mfano, ni jiwe tukufu, na jiwe lake ni lile lile la Dunstan.

Aliyelipa jina hili umaarufu ni mtu mmoja tu. Alizaliwa karibu na Glastonbury, magharibi ya Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 900, akawa mtawa, kisha mkuu wa nyumba ya watawa ya hapo hapo Glastonbury. Mwaka 956 aligombana na Mfalme Eadwig akakimbilia Ghent, ng'ambo ya bahari, na haukupita muda mrefu Mfalme Edgar akamrudisha na kumfanya askofu, na hatimaye askofu mkuu wa Canterbury. Mwaka 973 ndiye aliyemvika taji Edgar mjini Bath, na taratibu za ibada ile ndizo msingi wa ibada ya kuwatawaza wafalme wa Uingereza mpaka leo. Alifariki tarehe 19 Mei 988, na siku hiyo ndiyo sikukuu yake kanisani.

Nisiseme habari zake za ufalme tu, kwani Dunstan alikuwa pia fundi. Alipiga kinubi, alichora, na alifua madini kwa mkono wake. Katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford kipo kitabu kilichokuwa chake, chenye picha ya mtawa mdogo aliyeinama miguuni pa Kristo, na maandishi yanayomtaja Dunstan kuwa ndiye mtawa huyo. Hadithi inayopendwa zaidi inasema kwamba Shetani alimjia karakanani kwa sura ya mwanamke mzuri, naye Dunstan akaliacha koleo motoni mpaka likaiva, kisha akambana nalo pua. Kwa ajili hiyo wachoraji humwonyesha ameshika koleo, na masonara wa London walimfanya kuwa mtakatifu mlinzi wao. Nadhani sonara yeyote wa Mji Mkongwe angemfahamu mara moja kwa chombo alichoshika.

Sasa kuhusu uhaba wake. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliivamia Uingereza wakaitawala, na pamoja na utawala wao wakaleta majina yao: William, Robert, Richard, Henry. Mabwana wakubwa walibadilika kwanza, kisha watu wa mijini, kisha wakulima, na katika vizazi vichache majina ya Kiingereza cha kale yakawa ni ya kuwachekesha watu. Yaliyonusurika yalinusurika kwa sababu maalumu. Mfalme Henry wa Tatu alimpenda sana mtakatifu Edward, mfalme aliyetangulia Wanormani, akamwita mwanawe Edward mwaka 1239 na mwingine Edmund mwaka 1245, na tangu hapo Edward likawa jina la wafalme. Dunstan hakupata mfalme wa kumrithi jina. Isitoshe, mwaka 1170 Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa ndani ya kanisa lile lile la Canterbury, na mahujaji wakamiminika kwenye kaburi lake, akamfunika Dunstan ambaye kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa watakatifu waliopendwa mno na Waingereza. Kisha katika miaka ya 1500 kanisa la Uingereza likajitenga na Roma na heshima ya watakatifu ikapungua, na jina likabaki katika makanisa ya mawe na katika majina ya koo. Jamaa yako akitembea London atalikuta, kwa mfano, katika kanisa la Mtakatifu Dunstan la Stepney, na ukoo wa Dunstan upo sana upande wa Cornwall. Ila kumkuta kijana aitwaye Dunstan ni jambo la nadra kweli.

Vipi basi likafika Mbweni? Mwaka 1833 lilianza mjini Oxford vuguvugu la makasisi waliotaka kanisa la Uingereza likumbuke tena ibada na watakatifu wake wa kale, na katika karne ile ile majina kama Alfred, Edgar na Edith yakafufuka. Wamisionari wa UMCA, yaani misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza, waliohamia Unguja mwaka 1864 wakiwa na Askofu William Tozer na Dokta Edward Steere, walielekea upande huo, na ndio waliowaweka Mbweni watu waliokombolewa utumwani na kujenga kanisa lako. Watu walipobatizwa waliongezewa jina geni mbele ya jina lao la Kiswahili. Padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo, aliyepewa daraja mwaka 1890, ni Cecil Majaliwa. Kwa makasisi wa namna hii kalenda ya watakatifu wa Kiingereza ilikuwa karibu, na Dunstan yumo. Jina likaenea bara pia: mwakilishi wa kwanza wa Tanganyika huru mjini London alikuwa Dunstan Omari. Kwa maoni yangu jina hili leo lina uhai zaidi kwetu kuliko kwa wenyewe, na jamaa yako asione ajabu.

Kuhusu tahajia, iliyo sahihi ni Dunstan, kwa n mbili. Waingereza hutamka Danstan, na mkazo uko mwanzo. Kwa hiyo wazee wanaosema Dastani hawako mbali, na kuiongezea i mwishoni ni desturi ya lugha yetu. Cheti, hata hivyo, kirekebishwe mapema, ukiwa na nakala ya daftari la ubatizo, kabla ya kosa hilo kuingia katika vyeti vya mitihani na pasipoti, ambako kulitoa ni kazi kubwa zaidi.

SWALI: Jirani yangu anaitwa Mildred, na mumewe ni Alfred. Je, nayo ni ya ukoo huo huo wa majina?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Yote mawili ni ya huko huko. Mildred ni milde, upole, na thryth, nguvu. Lilikuwa jina la mkuu wa nyumba ya watawa wa kike pale Thanet, katika jimbo la Kent, kwenye miaka ya 700, wakati ambapo Thanet bado ilikuwa kisiwa. Lilififia kama Dunstan, kisha likarudi kwa kishindo, hasa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na sasa limefifia tena. Alfred litawachekesha nyumbani: ælf ni viumbe visivyoonekana vya misituni, na ræd ni shauri, kwa hiyo bwana huyo anaitwa shauri la majini. Asiogope, kwani mfalme mwenye jina hilo alikuwa Mkristo mcha Mungu na mfasiri wa vitabu.

SWALI: Mimi ni Mwislamu. Je, jina la Kiingereza ni lazima liwe la Kikristo?
Msomaji, Michenzani, Unguja

JIBU: Si lazima, na haya tuliyoyataja ni ushahidi. Mmisionari Augustine alifika Kent kutoka Roma mwaka 597, na namna ya kuunganisha vipande vya majina ilikuwapo kabla yake. Kipande os cha Oswald kina maana ya mungu, na walioanza kukitumia walikuwa bado wakiabudu miungu yao ya zamani. Majina hayo yakawa ya Kikristo baadaye, kwa kuwa watakatifu waliyabeba. Jina la Kiingereza lililotoka moja kwa moja katika dini ni kama John, ambalo ni Yohana wa Kiebrania, na kwa Kiarabu ndiye Yahya.