Maumivu ya misuli siku ya pili: asidi ya laktiki inasingiziwa

Mleta mada, umeuliza kwa nini ukibeba mizigo leo mwili unauma hadi keshokutwa, na kama kweli ni asidi iliyoganda kwenye misuli, kama kocha wako wa jimu alivyokwambia. Nafundisha baiolojia hapa Mwanza, na kabla ya ajira nilibeba magunia ya dagaa Mwaloni, Kirumba. Siyo asidi.

Ili kupata nishati, seli huanza kwa kuikata sukari iitwayo glukosi: molekuli moja yenye kaboni 6 inatoa piruveti 2 za kaboni 3 kila moja. Hii inafanyika nje ya mitokondria (vijiwanda vya nishati ndani ya seli), haihitaji oksijeni, na faida yake ni ATP 2 tu (ATP ni molekuli inayobeba nishati ambayo seli inaitumia). Piruveti zikiingia mitokondria, zinapita kwenye mzunguko wa hatua za kikemia alioueleza mwanabiokemia Hans Krebs mwaka 1937, kaboni zinatoka kama kabonidayoksaidi unayoitoa puani, na elektroni zinapelekwa hadi kwenye oksijeni. Hapo ndipo ATP nyingi zinapopatikana, jumla kama 30 hadi 32. (Vitabu vya zamani vina 36 au 38. Kwenye mtihani andika ya mwalimu wako, yaishe.)

Sasa uko chini ya gunia, unatoka botini kupanda juu. Mapaja yanataka ATP haraka kuliko mitokondria inavyoweza kutoa. Hatua ya kwanza inakimbizwa, piruveti zinazidi, zinageuzwa kuwa lakteti, ndiyo hiyo watu wanayoiita asidi ya laktiki. Bila kufanya hivyo NAD, kisaidizi kinachopokea elektroni wakati glukosi inakatwa, inaisha na hata zile ATP 2 hupati. Kwa hiyo lakteti ndiyo inayokufikisha juu! Ukitua gunia ukahema, inaingia kwenye damu: moyo unaichoma, ini linaigeuza glukosi tena. Kwa kawaida saa moja au mbili haipiti imeshaondoka.

Kinachouma kesho yake ni nyuzi za misuli zilizochanika kidogo kidogo, hasa unaposhuka na mzigo, paja likivutika huku limekaza. Nilipoanza kazi, asubuhi nilishindwa kuchuchumaa chooni, wazoefu wakanicheka. Baadaye gunia lilelile halikunifanya kitu, maana misuli huzoea.

Hizo dawa za "kutoa asidi" achana nazo. Kula ushibe, tembea taratibu. Ila ukiona mkojo umekuwa kama chai ya rangi baada ya kazi nzito, usisubiri, nenda hospitali siku hiyohiyo, figo ziko hatarini.